Gia ya Mwendo wa Punda

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla Mwaija hajafungua kufuli la kibanda chake pale Manundu, Korogwe, kabla hajamwona vizuri yule mwanamke wa Kimasai aliyeketi kwenye benchi la wateja, ilimfikia puani harufu ya plastiki iliyoungua, imechanganyika na grisi, na moyo wake ukashuka. Mwanamke alikuwa na mzigo mgongoni, umefungwa kwa shuka kama anavyofungwa mtoto. Alikuwa kijana bado, hajafika miaka thelathini, na vumbi la njiani lilikuwa limemganda miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkia hapa?"

"Nimekuja na gari la alfajiri kutoka Kabuku." Alifungua shuka, akauweka mzigo juu ya meza ya kazi polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. "Mimi Nasinkoi. Mke wa Parit, wa Kwamsisi."

Mwaija hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mota ile ya umeme aliifunga kwenye baiskeli ya Parit kwa mikono yake mwenyewe miezi miwili iliyopita. Haikuwa ile ya kukaa ndani ya gurudumu. Hii ni ya katikati, inafungwa pale pedeli zinapopishana, na inavuta cheni kama miguu ya mtu inavyoivuta. Alikuwa ameshafunga kumi na tisa za namna hiyo, za wauza samaki na walimu na mzee mmoja muuza mikate, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi ikinuka.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

Nasinkoi alitazama barabarani, basi la Arusha lilikuwa linapita. Alingoja mpaka likapita lote.

"Goti," alisema.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa neno la kusikia na kupita. Kwa Mwaija lilikuwa kama kuitwa jina lake, maana maisha yake yote yalijengwa juu ya magoti ya watu. Alizaliwa Mazinde, kwenye kambi ya wakata mkonge. Baba yake, Mzee Sadala, alikuwa mkataji mpaka siku ncha ya jani la mkonge ilipomwingia jicho la kulia. Alipotoka hospitali akaacha panga akashika spana, akawa fundi wa baiskeli za kambi nzima. Kwa kuwa jicho lililobaki nalo halikuwa zuri, alijifunza kuona kwa kiganja.

Hivi ndivyo alivyofanya. Mteja anakaa juu ya baiskeli, stendi imeinua gurudumu la nyuma, bega limeegemea nguzo. Sadala anashika breki ya nyuma kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia anakilaza juu ya goti la mteja, juu ya nguo, vidole vimebanana. "Kanyaga." Mteja anakanyaga, Sadala anakaza breki kidogo. "Kanyaga." Anakaza tena. Breki ndiyo mlima. Inafika mahali goti linaanza kutetemeka ndani kwa ndani, mtetemo mdogo ambao mwenye goti mwenyewe hausikii, na hapo mzee anaachia, anafuta mkono, anasema: nyuma weka meno kumi na nane. Au ishirini. Au ishirini na mbili, wewe umezeeka, usibishe. Meno mengi nyuma ni mwendo mdogo na nguvu nyingi. Meno machache ni mbio, na kila mlima utaulipia kwa goti.

"Mdomo wa mtu utakudanganya," alimwambia binti yake, "goti lake halijui kudanganya."

Alipokufa, Mwaija alihamia Korogwe na kiganja kile kile. Watu walicheka. Mwanamke, tena mwenye ushungi, anashika magoti ya wanaume sokoni! Mume wake alimwambia achague kati ya magoti hayo na nyumba yake, naye akachagua, akabaki na kibanda chake, meza moja na spana za marehemu. Miaka ikapita, vicheko vikazeeka, akabaki Mustapha peke yake, muuza spea wa kibanda cha jirani, aliyekuwa akimwambia kila Ijumaa, "Dada Mwaija, hata langu linauma, hebu litazame," naye akamjibu kila Ijumaa kwamba lake halina dawa, linauma kwa uvivu.

Siku Parit alipokuja, Mwaija aliikumbuka vizuri kupita alivyotaka.

Alikuwa mrefu, shuka jekundu, na alitembea polepole mno kwa kijana. Mwaija aliona mara moja kwamba ule upole wa mwendo ulikuwa unaficha kitu. Mguu wa kushoto haukukanyaga sawa, uliburuzwa kidogo, kama mtu anayevuta mlango mzito. Aliona, akanyamaza. Mtu mzima haulizwi mguu wake mbele ya watu. Alipomwambia apande na atoe goti, Parit aliigeuza baiskeli upande, akatoa la kulia.

Lile goti lilikuwa nguzo. Mwaija alikaza breki mpaka mwisho wa waya na goti halikutetemeka. Hakuwahi kukutana na goti kama lile, na ni kweli, alifurahi, kama fundi seremala anavyofurahi akikutana na mninga mzuri.

"Utabeba nini?"

"Sibebi kitu. Ni ya kwenda mnadani."

"Na njia ya kwenu ikoje?"

"Nzuri."

"Mwekee meno machache, Dada!" Mustapha alipaza sauti kutoka kwenye spea zake. "Mmasai anataka kuzipita bodaboda!"

Watu walicheka na Parit akacheka pamoja nao, na katika kicheko hicho Mwaija akafunga mbele gia ya meno arobaini na sita na nyuma ya meno kumi na sita. Walikwenda kuijaribu kwenye lami, upande wa darajani. Parit alikwenda akapotea, akarudi shuka linapepea nyuma yake, macho yamejaa machozi ya upepo. Aliposimama alifuta macho kwa shuka. Kisha alisema, "Tangu nivunjike, sijawahi kwenda mbio." Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuutaja ule mguu.

Sasa mota ile ilikuwa mezani, na mke wa Parit amesimama mbele ya Mwaija.

Mwaija alifungua skrubu moja moja. Ndani ya mota ya katikati kuna gia ndogo ya plastiki ngumu, inayopokea mzunguko wa haraka na kuupunguza. Hiyo ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, meno yamelala kama nta. Nyaya za shaba zilikuwa zimebadilika rangi lakini zilikuwa hai bado.

"Hii haikuungua kwenye njia ya mnadani," alisema.

"Mnadani hajawahi kwenda nayo hata siku moja."

"Aliniambia…"

"Najua alichokuambia. Amemwambia hivyo kila mtu." Nasinkoi aliketi tena kwenye benchi, mikono juu ya mapaja. "Mama, sisi tulikuwa na punda wawili. Waliibiwa mwaka jana. Tukawakuta porini hawana ngozi. Punda ndio walioleta maji. Kiangazi hiki ndugu zake wamewapeleka ng'ombe mbali, yeye hawezi kutembea nao, wakamwachia ndama na ng'ombe wachache wa maziwa. Maji ya ndama nikawa naleta mimi, mgongoni. Mara tatu kwa siku, mara nne. Sasa kwetu mwanamume habebi maji. Maji ni kazi ya mama na punda. Angekuambiaje? Mbele ya wale waliokuwa wanacheka, angesema anataka baiskeli ya kuchota maji?"

Mwaija alifuta grisi vidoleni.

"Alikuwa anaondoka alfajiri, watu wa rika lake hawajatoka. Madumu manne. Lambo la karibu lilipokauka ikabidi twende la ng'ambo, na hapo kuna mlima. Siku nyingine baiskeli ilipanda inalia. Siku hiyo ikanuka, ikanyamaza katikati. Mimi nyuma nasukuma, yeye juu anakanyaga. Anakanyaga na mguu ule mmoja. Nikasikia goti limelia, kama kijiti kikavu."

"La kulia."

"La kulia. Sasa hana hata moja." Aliyasema bila kupandisha sauti. "Zahanati wamesema aletwe hapa Korogwe apigwe picha. Hataki. Anasema hawaachi ndama. Na mimi peke yangu siwezi kuwanywesha wote. Wapo waliokufa tayari."

"Wangapi?"

"Kwetu mifugo haihesabiwi, mama." Alimtazama Mwaija kwa mara ya kwanza usoni. "Ndugu zake wakirudi wakakuta ndama hawapo, hawatasema kitu. Watanyamaza tu. Mwanamume aliyeshindwa na ng'ombe akaachiwa ndama, akishindwa na ndama, ataachiwa nini?"

Siku ile Mwaija hakupokea kazi nyingine. Alikaa na mota mpaka jioni, akabadilisha gia ya ndani, akapaka grisi mpya, na muda wote alikuwa akifanya hesabu ambayo alipaswa kuifanya miezi miwili nyuma. Alikuwa amelipima goti kwa ajili ya mashine isiyo na goti. Hapo ndipo kosa lilipolala. Mguu ukizidiwa hutetemeka na mtu hushuka, akasukuma. Mota ikizidiwa haisemi. Inazunguka polepole kuliko ilivyoumbwa, inageuza umeme kuwa joto, inavumilia, inavumilia, na unapoisikia harufu, mota yenyewe imeshakwisha. Gia ya meno kumi na sita ilikuwa nzuri kwa mota kwenye lami. Mlimani, na madumu manne, ilikuwa ni kama kumwambia mtu akimbie huku umemshika kiuno. Na alipewa goti moja, akaliamini, akaacha kuuliza la pili.

Alikwenda kwa Mustapha akamwambia anataka gia ya nyuma kubwa kuliko zote alizo nazo. Mustapha alipekua kwenye gunia la baiskeli za mtumba, akatoa moja pana kama sahani ya chai.

"Meno thelathini na manne. Dada, unatengeneza baiskeli au winchi?"

"Nipe na ya ishirini na nne, na ya ishirini na nane. Na ya mbele ya meno thelathini."

"Unaogopa kuchagua siku hizi?"

"Naogopa," alisema Mwaija, na Mustapha akaacha kucheka, akamfungia gia zote kwenye waya mmoja kama samaki.

Kesho yake yeye na Nasinkoi walishuka Kabuku jua halijawa kali. Aliyewachukua kwa pikipiki alikuwa Taiyo, kijana wa Kwamsisi, rika moja na Parit, aliyeacha kuchunga akaingia kwenye bodaboda. Alizitazama gia kwenye waya, akalitazama gunia lenye mota.

"Kumbe fundi anakwenda kuitengeneza ile ya mnadani?"

Nasinkoi alitazama pembeni. "Ndiyo," alijibu Mwaija. Neno lilimkaa mdomoni njia nzima kama mchanga.

Mtu asiyeijua Handeni wakati wa kiangazi anaweza kudhani nchi ile imekasirika. Majani yamekuwa na rangi ya mifupa, udongo umepasuka, na miiba peke yake ndiyo inayoonekana kuwa na afya. Walipokaribia boma, Mwaija aliwasikia ndama kabla hajawaona. Hawakuwa wanalia kama ndama wanaomwita mama. Ilikuwa sauti fupi, kavu, inayotoka na kukatika.

Taiyo aliwashusha akaahidi kurudi alasiri. Mwaija hakuingia bomani. "Nionyeshe mlima kwanza," alisema.

Ulikuwa mbaya zaidi ya alivyouchora kichwani. Haukuwa mrefu, lakini ulianza na mchanga laini unaomeza kiatu, ukaendelea kwa mawe madogo yanayoteleza, na katikati, mahali pakali kuliko pote, palikuwa na doa jeusi la mafuta chini na michirizi ya gurudumu lililorudi nyuma. Mwaija alisimama pale. Alichuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya ardhi, akajiona mjinga, akakiacha hapo hapo. Njia nzuri, alikuwa ameambiwa. Naye alikuwa fundi wa miaka ishirini na saba, akaridhika na neno moja.

Parit alikuwa amelala kwenye kivuli cha ua wa miiba, goti limevimba, limefungwa kwa kanga ya mkewe. Baiskeli imeegemea karibu yake, ina shimo mahali mota ilipokuwa. Hakugeuza uso.

"Shikamoo, yeyo," alisema, kwa neno ambalo Wamasai humwitia mama.

"Marahaba. Pole, baba."

"Mota imekufa?"

"Imepona. Nimekuja kuifunga." Mwaija aliketi chini. "Nimeuona mlima."

Nzi walikuwa wanatua kwenye kanga na Parit hakuwafukuza. Kisha alisema, kwa hasira iliyochoka, "Kwa hiyo ameshakuambia."

"Ameniambia. Ningeuliza vizuri mimi ningejua mapema, na wewe usingekuwa umelala hapa. Kosa hilo ni langu, nimekuja nalo. Sasa nipe goti la pili."

"La nini? Hilo halifai."

"Nipe."

Alichelewa kutoa. Mwishowe alivuta shuka pembeni kidogo, akageuza uso upande wa ndama. Mwaija alilaza kiganja juu ya goti la kushoto, vidole vimebanana kama alivyofundishwa. Lilikuwa jembamba, limekaa upande, mfupa wake umeungana vibaya. Hakuwa juu ya baiskeli, hapakuwa na breki wala mlima, na tayari lilikuwa linatetemeka. Aliuacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ulivunjika lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na saba. Dume lilinibana ukutani mwa josho."

"Nisikilize, Parit. Nina gia mbili za kukupa. Moja ni ya kukimbia, kama ile ya kwanza, na kwenye mlima ule itaiua mota tena. Nyingine ni ya kuvuta. Mbele meno thelathini, nyuma thelathini na manne. Itapanda na madumu manne, na hakuna atakayekanyaga. Hata kukaa juu si lazima. Mtu anashika usukani, anabonyeza hiki kidude kwa kidole gumba, anatembea pembeni. Hata mtu asiyejua kuendesha."

Hakumtaja mtu huyo. Nasinkoi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika dumu tupu.

"Mwendo wake?" aliuliza Parit.

"Wa punda."

"Hata kwenye tambarare?"

"Hata kwenye lami. Zaidi kidogo ya kutembea, basi."

"Hakuna ya katikati?"

Mwaija aliinyanyua ile ya meno ishirini na nne, akaitazama kwenye mwanga. Alitamani kudanganya. Alikuwa ameijaribu kichwani usiku mzima, tangu Korogwe, na baada ya kuuona ule mchanga alijua. "Kwenye mlima wenu, hakuna. Ingepanda wiki mbili, tatu, halafu ungeisikia harufu."

Ndama mmoja nyuma ya ua alianza ile sauti fupi, ikakatika, haikuanza tena. Wote watatu waliingoja.

"Kwa hiyo haitakimbia," alisema Parit.

"Haitakimbia."

Alilala chali, akajifunika shuka usoni. Kutoka chini ya shuka sauti yake ilitoka nzito. "Funga."

Kazi ilimchukua mpaka saa nane. Alifunga mota, akabadilisha gia ya mbele, akavua ile ya nyuma ya meno kumi na sita na kuitumbukiza mfukoni mwa koti lake la kazi, akafunga ile pana kama sahani. Cheni ilikuwa fupi, akaiongeza vipande. Haikukaa sawa na mstari, ikawa inaelekea pembeni na kusaga, akaingiza washa mbili, vipete vyembamba vya chuma, akaizungusha kwa mkono, akasikiliza, akatoa moja. Betri Nasinkoi alikuwa amekwisha kuichaji kwenye duka lenye sola, siku ile ile baiskeli ilipokufa, kana kwamba alijua.

Kisha wanawake wawili walikwenda nayo lamboni, wakajaza madumu manne maji ya rangi ya chai ya maziwa, wakayafunga mawili mawili. Nasinkoi hakuwahi kushika usukani wa baiskeli maishani mwake. Aliushika kwa mbali, kama mtu anayeshika kamba ya mnyama asiyemjua.

"Bonyeza kidogo. Usiikimbize, haitaki. Tembea, nayo itatembea."

Baiskeli iliondoka. Nasinkoi alitoa sauti ndogo ya mshtuko, akacheka, akajinyamazisha. Kwenye mchanga gurudumu lilizama, likatafuta, likapata. Mwaija alitembea nyuma bila kugusa kitu, kichwa amekiinamisha kuelekea mota. Ilikuwa inaimba juu, kwa wembamba na haraka, sauti ya mashine inayofanya kazi yake bila kuteseka. Kwenye lile doa jeusi aliacha kupumua. Ilipita. Aliinama akagusa kava la mota: la moto kidogo, kama paji la uso la mtoto aliyecheza juani.

Ndama walinusa maji kabla hayajafika. Wakubwa waligombania beseni. Wawili hawakuweza kusimama, Nasinkoi akawanywesha kwa kiganja, na mmoja wao maji yalirudi yakatoka pembeni mwa mdomo. Alimfuta, akajaribu tena. Mwaija alijikuta anawahesabu kwa macho, akakumbuka, akaacha.

"Narudi kuchota," alisema Nasinkoi. Alimpita mume wake bila kusimama. Kisha alisimama. "Taiyo akija, nenda naye hospitali. Umeona inapanda."

Parit alikuwa ameona, kutoka chini ya ua. Taiyo alipofika, yeye alinyoosha mikono akakubali kunyanyuliwa. Walimkalisha katikati ya pikipiki, mshikaki wa watu watatu, Taiyo mbele, Mwaija nyuma amemshika asianguke, mguu wa kulia umenyooshwa na kufungwa kwenye ubao. Alikuwa mwepesi kuliko urefu wake.

Njia ya kwenda Kabuku ilipita chini ya mlima. Nasinkoi alikuwa anapanda kwa mara ya pili, madumu manne nyuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya kiti kilichokuwa kitupu, anatembea taratibu kama alivyokuwa akitembea na punda. Taiyo alipunguza mwendo. Alitazama kwa muda mrefu. Mwaija alisikia mgongo wa Parit ukikakamaa mbele yake.

"Parit, ndugu yangu," alisema Taiyo, "kumbe mnadani ndiko huku?"

Pikipiki iliunguruma mahali pamoja. Mlimani baiskeli iliimba.

"Ndiko huku," alisema Parit. "Sema, punda huyu wa sasa hawamwibii ngozi."

Taiyo alicheka, kicheko kifupi, akakikatiza mwenyewe. Alitia gia, wakaondoka, na kwa umbali mrefu alikwepa kila shimo kwa uangalifu ambao asubuhi hakuwa nao.

Karibu na Kabuku, lami ilipoanza kuonekana kwa mbali, ikimeta, Parit aligeuza kichwa nusu.

"Yeyo."

"Naam."

"Ile gia ya zamani. Umeiacha bomani?"

"Ninayo hapa mfukoni."

Lori la machungwa lilipita mbele yao likielekea Chalinze, na upepo wake ukalipeperusha shuka la Parit, likampiga Mwaija usoni.

"Usimfungie mtu mwingine," alisema Parit.

Mwaija hakujua daktari angesema nini juu ya lile goti. Kiganja chake kilijua kidogo, na alichojua hakukipenda. Aliingiza mkono mfukoni, akaishika gia ya meno kumi na sita, ndogo, yenye mafuta, akaizungusha kati ya vidole jino moja baada ya jingine.

"Simfungii," alisema.